Shahada ya kemia: nani huipata, na wengine huchujwa wapi

Ukumbi wa kemia wa mwaka wa kwanza huwa umejaa hadi ngazini. Humo mna madaktari watarajiwa, wafamasia, wauguzi, wahandisi, wataalamu wa kilimo na wa chakula, wote wakidaiwa na mitaala yao kemia ya msingi kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Waliokuja kusomea kemia yenyewe ni wachache kati yao. Miaka mitatu baadaye, chumba cha kemia ya kwantamu kina watu ambao mhadhiri anawajua kwa majina. Kati ya ukumbi ule na chumba hiki kuna machujio kadhaa, na kila moja lina matundu ya ukubwa wake. Anayetaka kujua nani hupata shahada ya kemia ayatazame hayo kwanza, maana takwimu za mahafali huhesabu waliopita tu; hazisemi walionaswa walinaswa na nini.

Muundo wa masomo hautofautiani sana kutoka chuo hadi chuo. Kuna kemia ya jumla mwanzoni, kisha matawi manne makubwa: kemia ogania (ya misombo ya kaboni), kemia ya elementi nyingine zote, kemia changanuzi na kemia ya kifizikia. Biokemia huongezwa karibu kila mahali. Marekani shahada ya kwanza huchukua miaka 4. Nchi za Ulaya zilizofuata Azimio la Bologna la mwaka 1999, la kuoanisha shahada za vyuo vikuu, kwa kawaida huihesabu kwa mikopo 180 ya masomo (vizio vya kupima kazi ya mwanafunzi, si fedha), 60 kwa mwaka, na mkopo mmoja ni kazi ya saa 25 hadi 30. Ukizidisha, mwaka mmoja ni saa 1,500 hadi 1,800, sawa na ajira kamili. Hesabu hiyo ndogo tutairudia, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi kuliko watu wanavyodhani.

Hesabu hunasa kabla ya kemia

Wengi wanaoanguka kemia ya mwaka wa kwanza hawaangushwi na kemia. Huangushwa na uwiano, vipeo, logi na vizio vya vipimo. Mwanafunzi anaweza kukueleza vizuri kabisa asidi ni nini, halafu akaandika kwamba myeyusho wenye pH 3 (pH hupima ukali wa asidi: ikishuka, asidi imezidi) una asidi zaidi kidogo tu ya wenye pH 5. Skeli ya pH ni ya logi: kila hatua moja ni mara kumi, hivyo hatua mbili ni mara 100. Asiyeizoea logi ataisoma pH kama rula, na makosa yatamfuata hadi kwenye bafa (myeyusho unaozuia pH isibadilike), kwenye msawazo wa kikemia na kwenye kasi ya mmenyuko.

Kosa jingine la kila mwaka ni kutengeneza myeyusho. Unaambiwa uandae mililita 250 za haidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita. Moli ni kipimo cha wakemia cha idadi ya chembe; moli moja ya haidroksidi hiyo ni gramu 40, kwa hiyo unahitaji gramu 1.0. Anayekosea hupima mililita 250 za maji na kutumbukiza gramu hiyo ndani. Anayejua huyeyusha gramu hiyo kwenye maji machache, huacha yapoe (haidroksidi hutoa joto ikiyeyuka), humimina kwenye flaski ya ujazo, husuuza bika mara mbili au tatu na kumimina masuuzo humo humo, ndipo anajaza hadi alama. Ukolezi ni kiasi katika ujazo wa myeyusho mzima. Ujazo wa maji uliyoanza nayo hauna kazi katika hesabu.

Na hata hivyo ile 0.1 si 0.1. Vipande vya haidroksidi ya sodiamu hunywa unyevu na kaboni dayoksaidi kutoka hewani hata vikiwa juu ya mizani, kwa hiyo gramu uliyopima si haidroksidi tupu. Ndiyo maana myeyusho huo hupimwa tena dhidi ya kitu kinachoaminika, mara nyingi haidrojeni ftalati ya potasiamu: gramu 0.51 za chumvi hiyo hutosha kumaliza mililita 25 za haidroksidi ya 0.1. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini tunapima mara mbili kitu tulichokwisha kukipima ameanza kufikiri kama mkemia. Anayepima mara mbili kwa sababu karatasi imesema hivyo bado hajafika.

Baadaye, kwenye kemia ya kifizikia, hesabu hubadilika kuwa kalkulasi, hisabati ya mabadiliko. Thamodinamiki imejaa viderivati, kasi za mmenyuko ni milinganyo ya diferensha, na mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza mwenendo wa elektroni, hauna huruma kwa mtu aliyeacha hisabati kwenye aljebra. Vyuo vingi hudai mihula miwili au mitatu ya kalkulasi kabla ya somo hili, na ratiba hapo hujikunja kama mnyororo: ukiikosa kalkulasi mwaka wa kwanza, kemia ya kifizikia inasogea mbele, nayo inasogeza mradi wa mwisho, na mwaka mzima umeongezeka. Shule ya sekondari isiyokuwa na mwalimu mzuri wa hisabati imeshawachuja wakemia wengi kabla hawajauona mlango wa chuo.

Gramu 3.1 zisizowezekana

Maabara ndiyo inayoitofautisha shahada hii na nyingi nyingine, na desturi hiyo ina historia. Justus von Liebig alifika Giessen, Ujerumani, mwaka 1824 akiwa na umri wa miaka 21, akaanza kuwafundisha wanafunzi kwa kuwaweka mezani wafanye uchanganuzi kwa mikono yao badala ya kumtazama mwalimu akionyesha. Mwaka 1831 alibuni kifaa cha kioo chenye vitufe vitano kilichonasa kaboni dayoksaidi ili ipimwe kwa uzito, na kupima kaboni katika kitu kukawa kazi ambayo hata mwanafunzi angeweza kuifanya kwa uhakika. Wanafunzi walikuja kutoka nchi nyingi, wakarudi makwao na mtindo huo. Tangu wakati huo mtu hahesabiwi mkemia mpaka ameshika vyombo.

Tuchukue zoezi linalofanyika karibu kila chuo, kutengeneza aspirini. Unapima gramu 2.0 za asidi ya salisiliki, unaongeza mililita 5 za anhidridi ya asetiki na matone matano ya asidi ya sulfuriki iliyokolea kama kichocheo. Unaweka flaski kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 hadi 60 kwa dakika 10 hadi 15. Unapoza, unaongeza maji taratibu kuivunja anhidridi iliyobaki, unaweka kwenye barafu, fuwele zinatokea, unachuja kwa pampu ya kuvuta. Kazi yote hii ni ndani ya kabati la kuvuta hewa, maana mvuke wa anhidridi hiyo huchoma macho na pua.

Sasa hesabu. Gramu 2.0 za asidi ya salisiliki ni moli 0.0145, na anhidridi iko zaidi ya mara tatu na nusu ya inayohitajika, kwa hiyo kikomo kinawekwa na asidi ya salisiliki. Aspirini haiwezi kuzidi gramu 2.61. Mwanafunzi anapima mazao yake, anapata gramu 3.1, anaandika kwa furaha "asilimia 119". Msahihishaji akiona hivyo anajua mambo mawili: fuwele zimepimwa zikiwa na maji, na mwenye kuziandika hakusimama kujiuliza. Kosa la kwanza ni dogo, kila mtu hulifanya. Kosa la pili ndilo linalopunguza alama.

Makosa ya upande wa pili nayo yapo. Anayeosha fuwele kwa maji mengi yasiyo baridi anaziyeyusha: mililita 100 za maji ya joto la kawaida huondoka na takriban gramu 0.3 za aspirini. Anayezichemsha muda mrefu ili azisafishe anairudisha aspirini kuwa asidi ya salisiliki. Kipimo chake ni chepesi: tone la kloridi ya feri likigeuka zambarau, asidi ya salisiliki bado imo. Kiwango cha kuyeyuka nacho husema. Aspirini safi huyeyuka karibu na nyuzi 135; ikianza kulainika kwenye 122 na kumalizika 130, ni chafu au bado ina maji. Ripoti nzuri huzikusanya dalili hizi na kusema nini kilitokea. Ripoti ya gramu 1.7 iliyoeleza upotevu wake hupata alama zaidi kuliko ya gramu 2.5 isiyoeleza chochote, na hilo huwashangaza wanafunzi wengi waliotoka shule ambako "jibu sahihi" lilikuwa kila kitu. Wengine, wakiona majibu yao hayafanani na ya jirani, huyarekebisha kalamuni. Hilo ni jambo la kufukuzisha, na wasahihishaji hulitambua upesi, kwa sababu data za kubuni huwa nadhifu kupita kiasi.

Mishale ya elektroni

Kemia ogania ina sifa ya kuua watu, na sifa hiyo sehemu yake ni kosa la namna inavyosomwa. Mwanafunzi huandika kadi 200 za mimenyuko, anazikariri kama msamiati, na mtihani unamletea molekuli ambayo haimo kwenye kadi hata moja. Somo hili ni la kufuatilia elektroni ziendako. Mshale uliopinda huanza penye elektroni na kuishia penye upungufu. Ioni ya haidroksidi inapokutana na bromomethani, elektroni za oksijeni hulenga kaboni iliyoshika bromini, kwa kuwa bromini imezivuta kidogo elektroni za kaboni hiyo. Zinaingia kutoka nyuma, bromini inatoka mbele. Badilisha kitu kimoja tu: kaboni hiyo izungukwe na kaboni nyingine tatu. Mlango wa nyuma umezibwa. Haidroksidi haiwezi kufika, hivyo inanyakua haidrojeni ya pembeni na zao linakuwa alkeni, msombo wenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili. Mwenye kukariri anaona mimenyuko miwili isiyohusiana. Mwenye kuelewa anaona swali moja: je, kuna nafasi ya kupita? Anayechora mishale kila siku kwa dakika 30 humpita anayekesha wiki ya mtihani, na sijui ushauri wa masomo ulio na uhakika zaidi ya huo katika fani nzima.

Saa ambazo haziwezi kurekodiwa

Turudi kwenye zile saa 1,500. Mhadhara unaweza kuusikiliza usiku kwenye simu. Maabara huwezi. Kipindi kimoja ni saa tatu hadi nne mfululizo, mara moja au mbili kwa wiki, na mmenyuko haungoji mtu aliyechelewa basi. Ripoti yake hula saa nyingine kadhaa nyumbani. Katika mifumo mingi, maabara ya saa tatu huhesabiwa mkopo mmoja tu, wakati mhadhara wa saa tatu ni mikopo mitatu. Kwenye karatasi ratiba ya mwanafunzi wa kemia inaonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Hapa ndipo panapochuja kimyakimya. Mwanafunzi mwenye kazi ya zamu ya mchana, mwenye mtoto mchanga, anayemuuguza mzazi au anayekaa mbali na chuo huweza kabisa kufaulu mitihani yote ya nadharia na bado akaikosa shahada kwa vipindi vitatu vya maabara alivyovikosa. Mwenye ulemavu hukuta meza iliyo juu mno, kabati la hewa lisilofikiwa kwa kiti cha magurudumu, bureti (mrija wa kupimia vimiminika) ambayo alama zake haziwezi kusomwa na asiyeona vizuri. Haya yana dawa: meza za kupanda na kushuka, mizani inayotamka, mwenza wa maabara anayefuata maelekezo ya mwanafunzi. Vyuo vyenye nia huvinunua. Vingine humshauri mwanafunzi abadilishe kozi, na kwenye takwimu atahesabiwa kama mtu "aliyechagua" fani nyingine.

Milango iliyofungwa kwa sheria

Kuna wakati chujio lilikuwa kanuni iliyoandikwa. Ellen Swallow aliingia chuo cha teknolojia cha Massachusetts, MIT, bila kutozwa ada. Alidhani wamemhurumia kwa uhaba wa fedha. Kumbe uongozi ulitaka uweze kusema kwamba hakuwa mwanafunzi wao, iwapo mtu angelalamika kwamba mwanamke amekubaliwa. Alihitimu kemia mwaka 1873, mwanamke wa kwanza kupata shahada hapo, akatamani kuendelea hadi uzamivu na hakuupata. Mwaka uliofuata, 1874, Mrusi Julia Lermontova alipewa uzamivu wa kemia na chuo cha Göttingen, baada ya vyuo vingine kuwanyima wanawake hata kiti cha kusikiliza. Oxford ilianza kuwapa wanawake shahada mwaka 1920, Cambridge ikangoja hadi 1948. Kwa hiyo mkemia Rosalind Franklin alipofaulu mitihani yake ya mwisho Cambridge mwaka 1941, hakuwa na haki kamili za mhitimu kama wanaume waliofaulu mitihani ile ile.

Rangi nayo ilikuwa kanuni, wakati mwingine ya maandishi na wakati mwingine ya mazoea. St. Elmo Brady alipata uzamivu wa kemia chuo kikuu cha Illinois mwaka 1916, Mmarekani mweusi wa kwanza kufika ngazi hiyo katika kemia. Alice Ball alipata uzamili wa kemia Hawaii mwaka 1915, akatafuta njia ya kuyafanya mafuta ya chaulmoogra yaweze kudungwa kwa wagonjwa wa ukoma, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 24. Ilichukua hadi mwaka 1947 kwa mwanamke mweusi kupata uzamivu wa kemia Marekani, naye ni Marie Maynard Daly wa Columbia. Kati ya Brady na Daly ni miaka 31, na tarehe hizo mbili zinaonyesha kwamba mtu aliyekabiliwa na vizuizi viwili alingoja zaidi.

Kuzisoma takwimu bila kupotea

Leo kanuni hizo hazipo na hesabu zimebadilika. Marekani, kwa mfano, wanawake huchukua karibu nusu ya shahada za kwanza za kemia, na katika uzamivu ni kama wanne kati ya kumi. Watu hutoa haraka hitimisho kwamba wanawake "wanavuja" kati ya ngazi hizi mbili. Huenda wanavuja, ila namba hizo mbili peke yake hazithibitishi. Anayevishwa joho la uzamivu mwaka huu alianza shahada ya kwanza karibu miaka tisa au kumi iliyopita. Unawalinganisha watu wa vizazi viwili vya wanafunzi. Ili kujua nani anavuja, lifuate kundi moja tangu lilipoingia.

Kosa la pili ni kuchanganya sehemu ya wahitimu na kiwango cha kumaliza. Chukua mfano wa kubuni: wanaingia 100, wanawake 40 na wanaume 60. Wanamaliza wanawake 30 na wanaume 36. Gazeti litaandika kwamba wanawake ni asilimia 45 tu ya wahitimu, na msomaji ataona wamebaki nyuma. Lakini wanawake wamemaliza kwa asilimia 75 na wanaume kwa asilimia 60. Tatizo liko langoni, na chuo kitakachomwaga fedha kwenye ushauri wa wanafunzi wa kike wa mwaka wa pili kitakuwa kinatibu goti la mtu anayeumwa jino.

Tatu, uliza nini kimehesabiwa kuwa kemia. Biokemia, famasia, uhandisi wa kemikali na ualimu wa kemia mara nyingi huwekwa kwenye mafungu tofauti, na mchanganyiko wa jinsia haufanani humo: biokemia na famasia huvuta wanawake wengi zaidi, uhandisi wa kemikali wachache. Ukihamisha fungu moja, picha nzima inahama. Na kwenye uzamivu wa Marekani, zaidi ya robo ya wahitimu ni wanafunzi waliotoka nchi nyingine. Ukihesabu rangi au asili bila kuwatenga, utapata jibu lisilohusu swali lako.

Uzamivu hauna silabasi

Uzamivu huchujwa kwa namna nyingine kabisa. Mitihani huisha mapema. Kinachobaki ni tatizo ambalo hakuna anayejua jibu lake, na miaka mitatu hadi minne ya kulikabili katika nchi nyingi za Ulaya, mitano au sita Marekani ambako wengi huingia moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Miezi sita inaweza kupotea kwa sababu chupa ya kiyeyushi iliingia maji. Mmenyuko uliokubali kwa miligramu 50 hukataa kwa gramu 5, kwani chombo kikubwa hutoa joto lake polepole na katikati hupata moto usiotarajiwa. Mashine ya NMR, ya kutambua muundo wa molekuli, huharibika, foleni inakuwa ya wiki tatu. Waliokuwa wakiongoza darasani wakati mwingine ndio hukata tamaa kwanza, maana hawajawahi kushindwa wiki kumi mfululizo.

Katika sayansi za asili ni kawaida mtafiti wa uzamivu kulipwa posho, ama kwa kufundisha maabara za mwaka wa kwanza au kutoka kwenye ruzuku ya msimamizi. Anayeambiwa alipe ada yote mfukoni mwake kwa uzamivu wa kemia aulize mara mbili kwa nini.

Msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Kabla ya kusaini, ulizia watu wangapi wameanza chini yake katika miaka kumi iliyopita, wangapi wamemaliza, kwa miaka mingapi, na sasa wako wapi. Ulizia ruzuku yake inaisha lini: ikiisha katikati ya utafiti wako, utafundisha maabara mchana na kufanya tasnifu usiku. Ulizia jina la nani hutangulia kwenye makala za jarida, na nini hutokea mtu akipata mtoto au akiugua. Maswali haya yaulize kwa wanafunzi wake yeye akiwa hayupo, na usimwache yule aliyeondoka bila kumaliza.